Mwache Amalize Sentensi

Walimu vijana niliokuwa nikifundisha nao Kiswahili mtandaoni wameniomba niandike habari za kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ila nimekubali, kwa sharti kwamba sitagusa vyeo wala mshahara: vyeo havikunifundisha lolote, na mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya jambo moja nililoligombania hadi siku ya mwisho. Mwanafunzi akikosea wakati anazungumza, umrekebishe lini? Kanuni ya kazi ilisema papo hapo. Mimi nilikataa, nimestaafu nikiwa bado nakataa, na mkitaka kujua kwa nini, someni.

Nilianzia shule ya msingi kijijini, kata ya Shishiyu, wilaya ya Maswa, darasa la kwanza. Watoto walikuja na Kisukuma kitupu. Kiswahili kilikuwa lugha ya redio, ya zahanati na ya mtu aliyekuja kuuliza habari za kodi, kwa hiyo walikiogopa kwa sababu za msingi. Nilikuwa na cheti kipya, sketi iliyopigwa pasi na wasiwasi mwingi. Aliyenipokea ni Mwalimu Sabina, mwanamke mfupi, mkali kwa watu wazima na mpole kwa watoto. Katika shule zetu za wakati ule, mpangilio huo ulikuwa adimu.

Wiki yangu ya kwanza alikuja mkaguzi. Alikaa nyuma ya darasa akanitazama kitambo, akaona naachia makosa, akainuka kuomba chaki anionyeshe kazi inavyofanywa. Alikuwa amevaa suti ya kaunda na viatu vinavyolia. Akawauliza watoto nani ana jambo la kusema. Msichana mmoja aliyekaa mbele, Kang'wa, akasimama haraka.

"Mwalimu, nyoka inaingia—"

"Anaingia!" mkaguzi akamkata. "Nyoka ni mnyama. Nyoka a-na-i-ngi-a. Rudia."

"Nyoka anaingia."

"Vizuri sana. Darasa zima?"

"Nyoka anaingia!" darasa zima likaitikia kwa furaha.

"Kaa chini."

Kang'wa akakaa, ila alikaa na miguu juu ya benchi. Sabina alikuwa akipita nje. Akaingiza kichwa dirishani, akamtazama yule mtoto, akatazama ile miguu.

"Anaingia wapi, Kang'wa?"

Mtoto akaonyesha chini ya meza ya mwalimu, pale aliposimama mkaguzi. Ngeli ilikuwa sahihi kabisa. Na nyoka alikuwa swila. Mkaguzi alitoka kwa dirisha, na suti haikutoka nzima.

Baadaye, tukiwa tumekaa kivulini kwenye ngazi za ofisi, Sabina aliniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Umeona? Mtoto alikuwa na habari. Yule baba akachukua ngeli, habari akaiacha." Kisha akanieleza namna yake ya kufanya kazi, kwa haraka, kama mtu anayekuelekeza dukani. Mtoto akisema "kalatasi yangu imelowa", usimwambie lolote kuhusu herufi. Muulize, "Karatasi yako imelowa na nini?" Neno lake unamrudishia likiwa limefuliwa. Asiposikia leo atasikia kesho. "Lakini usimvue nguo hadharani ndipo umfulie," alisema.

Miaka iliyofuata nairuka. Nilihamia shule iliyo Binza, Maswa mjini, kisha Bariadi, na kila nilipokwenda nilikuta mtu anayependa kukata sentensi za watoto, na kila mahali watoto wake walikuwa wakimya na wa kwangu walikuwa wakipiga kelele. Ripoti ziliwasifu wakimya.

Nikastaafu ualimu wa serikali. Nilikaa nyumbani Bariadi nikalima mpunga kidogo na kugombana na kuku, mpaka niliposikia kuna kampuni ya Dar es Salaam inatafuta walimu wa kufundisha Kiswahili cha kuzungumza kwa wageni, kwa njia ya mtandao. Niliomba. Nadhani walinichukua kwa sababu nilikuwa mtu pekee upande huu aliyejibu barua pepe yao.

Mliokulia na simu mkononi hamtaelewa siku ile ya kwanza. Niliwasha kompyuta, nikavaa hedifoni, nikaona sura ya mtu aliye nchi nyingine ananitazama puani, maana nilikuwa nimeelekeza kamera juu. Nilimsalimu. Kimya. Nikamsalimu tena. Naye ndipo akaitikia ile salamu ya kwanza, nami nikaisikia wakati nikiwa nasalimu mara ya tatu. Tuliendelea kuamkiana hivyo kwa muda mrefu, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake.

Hapo nilijifunza somo la kwanza la kazi hii: sauti yako haifiki unapoituma. Inafika inapofika. Baadaye nilipata maarifa mengine. Meza ikae dirishani, upande wa mnara wa simu. Kitenge kizito kitandazwe ukutani ili chumba kisitoe mwangwi. Msimu wa pamba, malori yakianza kupita kwenda kwenye kinu cha kuchambulia, sogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Mvua ikipiga bati, somo limekwisha, kwa kuwa hakuna hedifoni iliyotengenezwa kwa kufikiria bati la Bariadi. Lakini lile la kuchelewa kwa sauti halikuwa na dawa ya meza wala kitenge, na ndilo lililoniingiza vitani.

Kampuni ilikuwa na kanuni kwamba kosa lolote lirekebishwe papo hapo. Ili tusisahau, waliweka mfumo unaosikiliza somo. Mwanafunzi akikosea, kengele ndogo inalia, ting, na mwalimu anatakiwa amkate mwanafunzi na kumsahihisha. Usipomkata, unaandikwa kwamba umeachia kosa. Mfumo ulifundishwa Kiswahili cha pwani na haukuwa na ubaguzi: ulinigongea hata mimi. Nikichangamka, "karibu" yangu huwa inataka kurudi nyumbani kuwa "kalibu". Ting. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na mashine inanigongea kengele kwa kumkaribisha mgeni!

Msimamizi wetu wa ubora aliitwa Denis. Kijana mwenye adabu, mwenye bidii, ambaye hakuwahi kufundisha mtu yeyote kitu chochote. Alinipigia mapema tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Denis."

"Mama, naona kwenye mfumo, somo la jana makosa mengi yamepita."

"Yamepita yakaenda wapi?"

"Yamepita tu, mama. Hayajarekebishwa."

"Niliyarekebisha mwishoni."

"Mfumo hauoni mwishoni."

"Basi una tatizo la macho. Upelekwe hospitali."

Alicheka, halafu akakumbuka cheo chake. "Mama, kosa likiachwa linaota mizizi. Hilo hata wewe unalijua."

Nalijua. Sitaki msome haya mkadhani Denis alikuwa mjinga. Kuna walimu wanaoachia makosa kwa uvivu na kuuita uvivu wao upole, na wanafunzi wao husema "mimi nataka enda" mpaka kaburini. Kwa hiyo nilimwambia sawa, nitaifuata kanuni nione inakonipeleka. Ilinipeleka kwa Marit.

Marit alikuwa mkunga kutoka nchi ya baridi, mwanamke wa makamo, mwenye uso mpana na kicheko cha haraka. Alikuwa amejitolea kuja kufanya kazi kwenye kituo cha afya kimoja wilayani Itilima. Nafasi ilikuwepo, vyeti vyake vilikuwa vimekubaliwa, likabaki jambo moja tu. Metroni wa kituo, mama aliyeitwa Holo, alisema hatapokea mkunga asiyeweza kuzungumza na akina mama. Angemfanyia usaili mwenyewe kwa Kiswahili. Akishindwa, asije. Marit alikuwa ameshaacha kazi yake kule na kupangisha nyumba yake. Hakuwa na mahali pa kurudi kwa urahisi, na aliniambia hivyo siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kubabaika lakini kirefu, kilichojaa watu na mambo.

Nikamfundisha kwa kanuni. Siku moja tulikuwa tukifanya mazoezi ya kumweleza mjamzito matokeo ya vipimo. Akaanza: "Mama, mtoto yako amelala vizuri, kichwa kiko chini."

Kengele ikalia kwenye "mtoto yako". Nikakata kwa utiifu: "Wako!"

Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kobe. "Wako" yangu iliondoka Bariadi ikamfikia Marit wakati ameshavuka kosa lake na yupo kwenye "kichwa kiko", maneno ambayo aliyapatia. Akasimama. Nikamwona anakunja uso, anafikiri. Kisha akajirekebisha, mtiifu kama mimi: "Mama, mtoto yako amelala vizuri, kichwa wako chini."

Nikamkata tena. Sauti yangu ikaangukia pengine. Tulipomaliza somo, "mtoto yako" ilikuwa salama salimini, na "kichwa kiko" ilikuwa imekufa. Alisema "kichwa wako chini" kwa siku nyingi baada ya hapo. Mfumo uliandika kwamba kosa limerekebishwa papo hapo, na nikapata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi lilikuja polepole. Marit alianza kufupika. Mtu anayekatwa kila anapofungua mdomo hujifunza kufungua mdomo kidogo. Sentensi zile ndefu za siku ya kwanza ziliondoka. Zikabaki: "Mama. Lala." "Mama. Geuka." "Maumivu? Wapi?" Kengele haikulia hata mara moja, maana hakukuwa na cha kukosea. Denis akanipigia kunipongeza.

"Mama, umeona? Red zote, zile alama za makosa, zimeisha."

"Nimeona. Anaongea kama mtu anayeswaga ng'ombe mnadani."

"Lakini kwa usahihi, mama."

"Ng'ombe nao wanaswagwa kwa usahihi, Denis."

Siku hiyohiyo nilimuuliza Marit kama anafurahia masomo. Alifikiri, akachagua maneno yasiyo na hatari. "Masomo. Mazuri." Kisha macho yake yakajaa machozi, akazima kamera. Nilikaa nikitazama kioo cheusi chenye jina lake. Nikawaza: mtu huyu atakaa mbele ya mama wa Zagayu, huko Itilima, aliyetembea umbali mrefu na mimba yake, mama ambaye Kiswahili si lugha yake pia, na atamwambia "Lala. Geuka." Na mama yule hatarudi tena. Atajifungulia nyumbani. Hicho ndicho kilichokuwa mezani, na si alama zangu.

Kesho yake nilianza uasi. Kabla ya somo nilimwambia Marit hivi: "Leo kengele italia. Umewahi kuona ng'ombe wenye kengele?" Akasema hajawahi. "Hapa kwetu ng'ombe anayeongoza huvalishwa kengele. Hailii ili asimame. Inalia kwa sababu anatembea. Sasa wewe tembea."

Akacheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akatembea. Kengele ikalia mpaka kuku wangu wakazoea.

Na hapa nieleze kazi ilivyofanyika, maana najua kuna mtakaosema bibi alikaa tu akisikiliza. Nilikuwa na kibao kidogo cha chaki mapajani, cha zama za darasa la kwanza. Kila kosa lililonigusa niliandika neno moja. Sikugusa sentensi yake. Alipofika mwisho na kuvuta pumzi, nilimjibu kama mtu anayejibu, na ndani ya jibu langu niliweka neno lake likiwa limefuliwa: "Ahaa, mtoto wangu kichwa chake kiko chini? Basi nashukuru." Somo lilipokaribia kwisha nilichagua makosa machache tu, yale yaliyorudiarudia, tukayachambua taratibu, mtandao ukiwa na muda wa kufika. Mengine nilifuta kwa kiganja. Hakuna mtu anayefua nguo zote za nyumba siku moja.

Kulikuwa na kosa moja tu nililolikata kama mkaguzi. Marit alikuwa akimpa mama maelekezo ya dawa, akasema, "Dawa hii utakunywa saa nane."

"Simama!" Nilipiga kelele hadi hedifoni ikakoroma. "Saa nane ipi?"

"Asubuhi. Kabla ya kazi."

"Saa nane yetu jua limeshapita utosini. Ile yako ya asubuhi ni saa mbili."

Akashika kichwa. Tulikaa na saa ile moja somo zima, hatukufanya kingine. Ndiyo kipimo changu, mkichukue mkitaka: jiulize kosa hili nani anaondoka nalo. "Mtoto yako" linabaki chumbani, mama atalielewa na labda atacheka nalo kidogo. Saa nane mama anaondoka nayo hadi nyumbani, pamoja na dawa. Hilo kata hata kama mtandao umelala. Piga meza, zima kamera, fanya lolote. Mfumo, kwa taarifa yenu, haukulia kwenye saa nane. Sarufi yake ilikuwa sahihi.

Tulizoea mchezo wa mimi kuwa mjamzito, jambo lililowafurahisha sana majirani waliokuwa wakisikia dirishani. Siku moja tulikuwa tumefika kwenye uchungu wenyewe.

"Sukuma, mama! Sukuma!" Marit akanihimiza.

"Ndiyo," nikamjibu, "Msukuma wa Shishiyu. Wewe je, mwenzangu, kabila gani?"

Sauti yangu ilichelewa kama kawaida. Nilimwona kwenye kioo bado ananihimiza kwa mikono, ana jasho, kisha maneno yakamfikia, akaanguka mbele ya kamera kwa kicheko. Aliporudi alinipa jibu refu kuhusu kabila lake, bibi yake na samaki wa kwao, lenye makosa kama mchele wenye mawe, na lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kunipa.

Denis alipiga simu usaili ukiwa umekaribia. Safari hii hakucheka.

"Mama, nisikilize. Mfumo umejaa red. Wakubwa wameona. Wanataka Marit apewe mwalimu mwingine, amalizie naye."

"Sasa hivi? Anakaribia kusailiwa."

"Ndiyo maana. Akishindwa, kampuni itaulizwa."

"Akishindwa, kampuni itaulizwa. Yeye atalala wapi? Amepangisha nyumba yake."

"Mama, unanipa wakati mgumu."

"Mwanangu, na mimi napewa na wewe. Mwambie mkubwa wako hivi: anayetaka kunitoa, akae na Marit somo moja, amkate kila kosa, kisha amuulize jambo lolote la moyoni. Akijibiwa, naondoka kabla kompyuta haijapoa."

Nikasikia kitu kikigongagonga. Nilifikiri ni mtandao. Kumbe ni kalamu yake, alikuwa akifikiri. Mwishowe akasema, "Nitawaambia bado natafuta mwalimu. Lakini mama, siku ya usaili nitakuwepo, na mfumo utakuwa umewashwa. Lazima niwe na kitu cha kuandika."

Siku ya usaili tulikuwa wanne kwenye kioo. Metroni Holo alikuwa ofisini kwake Itilima, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita kutoka wodi moja hadi nyingine. Marit kule kwake, amefunga nywele vizuri, midomo imekauka. Denis Dar es Salaam, na mimi dirishani kwangu, tukiwa tumezima sauti, kwa masharti ya metroni mwenyewe kwamba tusikilize na tusiguse.

Metroni alinisalimu kwanza, kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Kisha akamgeukia mkunga. "Wewe ndio Malita? Kalibu, mama."

Ting.

Metroni akanyanyua kichwa. "Hicho nini?"

Akaendelea. "Mimi ndio metloni wa hapa—" Ting. "Wodi ya wazazi iko chini yangu, na—" Akatulia. Akatazama nyuma yake, akatazama chini ya meza. "Nani anagonga kengele? Mna misa huko?"

Denis akafungua sauti, ameiva kwa aibu. "Samahani mama, shikamoo mama, ni mfumo, unasikiliza makosa."

"Makosa ya nani?"

Denis akaanza kupapasa kipanya.

"Kizime," metroni akasema.

Akakizima.

"Haya, Malita. Sasa mimi si metloni. Mimi mama, nimetoka kijijini, mimba yangu ya kwanza. Wewe ndio umenikuta." Akavua miwani, akainamisha kichwa, na mbele ya macho yetu yule mwanamke mkubwa akanywea. Sauti ikawa ya chini. "Shikamoo, daktali. Mi' tumbo linauma. Tangu jana. Halafu..."

Akanyamaza.

Alinyamaza kabisa. Nilitazama kama kioo kimeganda. Hapana, kitambaa cha dirishani kwake kilikuwa kikicheza. Nilimwona Denis anainama mbele. Nilimwona Marit anafungua mdomo. Najua maneno yaliyokuwepo pale mdomoni, maana kwa wiki nyingi ndiyo yaliyokuwa salama: Maumivu? Wapi? Lala.

Akafunga mdomo. Akasogea karibu na kamera, akakaa, akangoja. Hakumsaidia neno. Hakutazama saa. Nilitamani kupiga kelele ili mtu aseme kitu, na mimi ndiye niliyemfundisha kungoja, kwa kumngoja.

Ndipo yule "mama" akasema, bila kuinua uso: "Halafu mama mkwe alinipa dawa ya mizizi. Ili uchungu uje halaka. Kasema nisiseme hospitali."

Marit akavuta pumzi. "Asante kwa kuniambia, mama. Mimi sikasiriki. Dawa hiyo ulikunywa lini, na ngapi? Nitasikiliza moyo ya mtoto yako sasa, na wewe utasikia pamoja na mimi. Hauko peke yako."

Nilihesabu makosa kwa mazoea. Ni mazoea mabaya, na mnayo pia. Metroni alimwuliza mengine, ya dawa, ya kunyonyesha, ya mume anayegoma kuleta mke kituoni, na Marit akajibu yote kwa sentensi ndefu zilizochechemea na kufika. Mwishowe metroni akavaa miwani yake na kurudi ukubwa wake.

"Mwalimu wake yuko wapi?"

Nikafungua sauti. "Nipo, metroni."

"Huyu wako ana makosa mengi."

"Anayo."

"Mkunga niliyemsaili kabla yake alisema vizuri kama ledio. Nilipofika hapo kwenye 'halafu', akanikatiza aniulize tumbo linauma upande gani. Ile dawa ya mizizi hakuisikia mpaka leo." Akamgeukia Marit, ambaye alikuwa ameshika shavu, hajui anasifiwa au anafukuzwa. "Malita, njoo. Ukifika ulizia mimi."

Akakata bila kuaga, watu wa wodi hawana muda. Marit alilia, safari hii kamera ikiwa wazi, akanishukuru kwa sentensi ambayo sikuiwekea neno lolote kwenye kibao. Kisha naye akatoka, tukabaki mimi na Denis. Alikuwa anatazama upande, nadhani alikuwa amefungua ukurasa wa ripoti.

"Mama," akasema, "sasa hapa niandike nini?"

"Andika makosa yake yote, mwanangu. Usiache hata moja. Halafu chini yake andika kwamba amepata kazi."